Tobia wa Hapa na Tobia wa Mbali

Baba,

Nimempata. Ulimtafuta miaka yote ile kwenye bahasha za watu, ukatuaga hujamwona, nami nimekutana naye bila kumtafuta, katika kliniki ya macho, nikiwa nimetiwa dawa ya kupanua mboni na siwezi kusoma hata kibao cha chooni.

Ngoja nianze vizuri. Najua hukupenda mtu akurukie na habari kutoka katikati. Na Baraka ameniomba, kama nitaandika, niandike yote, hata yale uliyoyajua kuliko mimi, ili siku moja mtoto wake akija kusoma asikose pa kuanzia.

Miezi michache baada ya kukuzika, hospitali iliniita kupimwa presha ya macho, ile ile iliyokusumbua wewe. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na wazee wengi, sote tukipepesa macho na kujifuta kwa karatasi. Nesi akatokea na faili mkononi. Unajua wanavyofanya wanapofika kwenye jina letu: husimama kwanza, huitazama karatasi, kisha hulitamka polepole kama mtu anayekanyaga sakafu iliyopigwa deki sasa hivi.

"M. Otterlode?"

Nikasimama. Na upande wa pili wa chumba, bibi mmoja wa Kizungu mwenye fimbo na koti la mvua la kijani, naye akasimama.

Nesi akatutazama. "Ni nani kati yenu?"

"Ni mimi," nikasema. "Mercy Otterlode."

"Ni mimi," bibi akasema. "Maureen Otterlode."

Watu wote wakageuka. Bibi akanijia, akakaribia, akazidi kukaribia kwa sababu haoni vizuri, mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu kabisa. Akanikagua. Kisha akaniuliza, wala si kwa ubaya, kama mtu anayeuliza njia, "Mpenzi, jina hili umelipata wapi? Nilidhani nimebaki peke yangu."

Nikamwambia, "Nimelipata kwa babangu."

Basi machozi yakanitoka. Na kwa vile kila mtu pale alikuwa akitokwa na machozi ya dawa, hakuna aliyejua kwamba yangu yalikuwa ya kwako.

Nesi alitaka tu kujua nani aingie kwanza. Tulimwachia bibi. Nilipotoka mimi nilimkuta amekaa palepale, mkoba juu ya mapaja, amewaambia majirani zake wa viti kwamba anamngoja jamaa yake. Hivyo ndivyo alivyosema, Baba. Jamaa yake.

Sasa yale unayoyajua.

Babu yako Tobia alikuwa mtoto mdogo meli ya watumwa aliyokuwamo ilipokamatwa baharini na Waingereza. Akapelekwa misheni, Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, akavalishwa shati, akabatizwa, akaitwa Tobias Otterlode. Watu wa Kisauni wakalifanya Tobia Otalodi na likakaa hivyo. Katika yote yaliyokuwa kabla ya hapo aliwaambia wanawe jambo moja tu: kwamba kwao kulikuwa na maji makubwa yasiyo na chumvi, na ng'ambo yake haionekani. Ndiyo maana tunasema sisi ni watu wa Nyasa. Jina lake la kwanza hakumwambia mtu. Akiulizwa alisema amelisahau. Nyanya, aliyekuwa mkaza mwana wake na aliyempikia mpaka mwisho, alikwambia wewe, nawe ukaniambia mimi: "Hakulisahau. Alikataa kulitoa."

Wewe ukaenda shule na jina la Otalodi, watoto wakakuchezea nalo. "Ota, ota jua." "Ota, jana umeota nini?" Ulipokuja London ukapata kazi ya posta, kwenye kituo cha kupangia barua, ukafurahi kimoyomoyo. Jina limetoka huku, uliwaza, huku litakuwa limejaa. Miaka ikapita na barua zikapita mikononi mwako, kina Smith wasio na idadi, kina Patel, kina nani, na hukuona Otterlode hata mmoja isipokuwa sisi wenyewe. Kila kitabu kipya cha simu kilipoletwa mlangoni ulikifungua kwenye herufi O kabla hujavua koti. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akikucheka kutoka jikoni, "Wafalme wako wamehamia wapi?" Kwa maana ulikuwa na dhana yako, kwamba ile "lode" ya mwisho ni "lord" iliyokosewa na karani, na kwamba babu yako alipewa jina la bwana mkubwa mwenye nyumba ya madirisha mengi. Ulisema kwa mzaha. Lakini haikuwa mzaha wote, Baba. Nilikuona ulivyokaa wima ukilisema.

Halafu kuna Baraka.

Nitaliandika wazi, maana najua lilikuumiza. Kaka yangu huyu alizaliwa hapa, ukamsemesha Kiswahili naye akakujibu Kiingereza, mkazoeana hivyo na kupendana hivyo. Alipotaka kumwoa Folake tulikwenda kwao kwa desturi ya Wayoruba, sisi wachache tumekaa safu ya mbele, wao wamejaa ukumbi mzima. Mjomba wa Folake akasimama kutueleza majina yao, moja baada ya jingine. Folake maana yake ni wa kudekezwa kwa heshima. Dada yake, furaha imerudi nyumbani. Na kadhalika mpaka mtoto wa mwisho. Kisha akamgeukia Baraka, kwa upole kabisa, "Na nyinyi kina Otterlode, jina lenu maana yake nini?"

Baraka akakugeukia. Wewe ukajaribu kumsaidia: "Ni jina la misheni." Mjomba akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akaketi, na ile adabu ndiyo iliyotuchoma.

Ndani ya gari ndipo Baraka aliposema. Alisema hilo si jina, ni kibandiko. Waliobandika hatuwajui, na aliyebandikwa walimfutia la kwake. Alisema watoto wake hawatalibeba. Wewe ulitazama nje mpaka tukafika nyumbani Thamesmead, gari likazimwa, hakuna aliyeshuka. Ukasema, "Mimi sina jingine la kukupa."

Hamkugombana baada ya hapo. Mlizungumza mpira, na zile lifti anazotengeneza, na baridi. Jina tu halikutajwa tena. Folake alipopata mimba uliambiwa ukiwa mgonjwa kitandani tayari, ukatabasamu, ukaweka mkono wako juu ya mkono wake. Hukuuliza mtoto ataitwa nani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilijua kwa nini hukuuliza.

Hiyo ndiyo hali niliyokwenda nayo nyumbani kwa Bi Maureen.

Anakaa Walthamstow, hapa hapa London, nyuma ya lile soko refu, katika nyumba ya matofali iliyobanwa kati ya nyingine mbili. Nilimpelekea mahamri, akayala kwa jamu ya stroberi na kusema ni mazuri ila yamekosa jamu ndani. Ni mtu wa namna hiyo. Alikuwa karani wa shule mpaka alipostaafu. Aliolewa akachukua jina la mume, ndiyo maana vitabu vyako vya simu havikumwona. Baadaye waliachana akarudi kwenye jina lake, lakini wakati huo watu walishaacha vitabu vya simu. Hakupata mtoto. Alikuwa na kaka, akafariki kijana. Kwa hiyo aliponiambia kliniki kwamba alidhani amebaki peke yake, hakuwa anatafuta huruma. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilimweleza ile habari yako ya mabwana wakubwa. Alicheka mpaka akaiweka chini chai yake.

"Mabwana? Mpenzi, sisi tulikuwa wachimba mitaro."

Sikiliza basi, Baba, uliyoyangoja. Kaskazini ya hapa, kupita mji wa Cambridge, kuna nchi tambarare ambayo zamani ilikuwa maji na matete. Watu waliikausha kwa kuchimba mifereji, na mfereji wa aina hiyo, kwa lugha yao ya zamani, ndio "lode". Otter ni fisimaji. Basi kulikuwa na mfereji wenye fisimaji wengi, na kando yake vibanda vya watu wasio na kitu, kazi yao kuuchimba na kuuzibua usijae matope, na watu hao wakaitwa kwa mahali pao. Hawakuwa wengi hata mwanzoni. Nchi ilipokwisha kukauka kazi ikaisha, vibanda vikabomoka, watu wakatawanyika. Wengine walikufa bila watoto, wengine makarani waliwaandika vingine. Babu yake Bi Maureen alikuja Walthamstow kutengeneza brashi kiwandani. Huo ndio ukoo wote. Yote haya aliyapata kwa babu yake huyo, aliyekuwa akiyasimulia kila Jumapili mpaka watoto wakimkimbia.

Nilicheka, Baba. Nilikufikiria umekaa wima hivyo kwenye kochi lako, Bwana Mfereji wa Fisimaji. Mama angepata utani wa mwaka mzima. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu ungekipenda kicheko hicho kuliko sisi sote. Ulichimba mitaro na wewe, Kisauni, kabla ya posta. Ulitwambia.

Nikamtajia Tobia. Nilimtaja tu kwa kupita, kumweleza sisi tumetokea wapi. Bi Maureen akaniomba nirudie.

"Tobia," nikasema. "Tobias. Babu wa babangu."

Kwa jirani redio ilikuwa ikiimba. Kisha akaniambia kwamba alipokuwa mdogo alilala chumba kimoja na shangazi wa babake, Ada, mzee sana, asiyeolewa. Kila siku kabla ya kulala Ada alimpigisha magoti, wakaombea mfalme, wakaombea wagonjwa, wakaombea mvua ikome, na mwisho, siku zote, maneno hayo hayo: "Na uwalinde Tobias wetu wawili, wa hapa na wa mbali."

"Wa hapa nilimjua," Bi Maureen akasema. "Ni mdogo wake Ada. Alikufa mtoto, amezikwa kijijini kwetu. Wa mbali nilidhani ni huyo huyo. Nilidhani mwili uko hapa na roho iko mbali. Hata nilipokuwa mtu mzima sikufikiri vingine."

Alisema macho yake hayatamngoja sana, na anataka kwenda kumwona Tobias wa hapa wakati bado anaona kitu.

Mimi siendeshi gari, unajua, na kwa treni miguu yake isingeweza. Nikampigia Baraka. Nilimweleza yote kwenye simu, kliniki, fisimaji, Ada. Akasema, "Nitawaendesha. Lakini mimi sishuki."

Tulikwenda siku ya Jumamosi. Bi Maureen alikaa mbele akampa Baraka peremende zake, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha. Alimuuliza kuhusu lifti. Alimuuliza lifti ikikwama mtu afanye nini, na Baraka akamweleza kwa urefu, na nikaona mabega yake yameshuka. Nchi ya kule ni bapa, Baba, sijaona nchi bapa hivyo. Udongo mweusi kama masizi ya sufuria, na mifereji imenyooka kama imepigwa kwa rula, maji yake yamesimama tuli. Kijiji ni kanisa na nyumba chache. Tulimkuta mama mmoja mwenye funguo za kanisa, aliyekuwa akipanga maua.

Nilimuuliza kama kijiji hiki kiliwahi kuwa na habari na misheni za Afrika. Akasema bila shaka. Nyanya yake alimwambia kwamba watoto wa Sunday school wa enzi hizo walichangishana kwa ajili ya mtoto mmoja aliyeokolewa utumwani, na kwa kuwa walichanga wao, waliruhusiwa kumchagulia jina la ubatizo. Ilikuwa hivyo makanisa mengi, alisema. Mtoto yupi, jina gani, hakujua. Nakuandikia kama alivyosema, sitaki kuongeza. Nikisimama mahakamani leo sina karatasi ya kuonyesha.

Bi Maureen alijua kaburi liko wapi, kwenye pembe ya ukuta, lakini nyasi zilikuwa ndefu na zimelowa, na fimbo ilikuwa ikizama. Nilimshika upande mmoja nikashindwa. Tukasimama katikati ya makaburi kama watu waliokwama kwenye tope. Nikasikia mlango wa gari. Baraka akaja, akampa Bi Maureen mkono wake, wakaenda taratibu mpaka kwenye pembe.

Ni jiwe dogo, linafika magotini, limeota kuvu. Bi Maureen akainama, akalipapasa, akainuka.

"Sioni," akasema. "Nisomee, mwanangu."

Alikuwa akimwambia Baraka. Na Baraka, Baba, yule Baraka, akachuchumaa akakwangua kuvu kwa ufunguo wa gari, herufi moja baada ya nyingine, kisha akasoma kwa sauti. "Tobias Otterlode. Mtoto mpendwa wa nyumba hii. Alikuwa na miaka minne."

Upepo ulikuwa ukivuma. Bi Maureen akauliza, "Na wa kwenu, alikuwa na umri gani walipomleta?"

"Hatujui," Baraka akasema. "Mdogo."

"Na aliitwa nani kabla hatujampa hili?"

Baraka akamtazama. Nadhani hakutarajia kuulizwa swali hilo na mtu wa upande ule. "Hatujui," akasema. "Hakutaka kusema."

"Ningekuwa yeye, nami nisingesema," Bi Maureen akasema. Kisha akaongeza, taratibu, "Tulimwombea miaka yote ile. Hakuna aliyefikiri kumuuliza."

Baraka alibaki amechuchumaa akimalizia kukwangua kuvu mpaka jiwe zima likawa safi, hata pale pasipo na maandishi.

Wakati wa kurudi Bi Maureen alilala kwenye kiti cha mbele, nami nikasema na Baraka kutoka nyuma, kwa sauti ya chini. Nilimwambia jambo lililonijia pale kaburini. Sisi kwetu mtu mpendwa akifa tunafanya nini? Tunampa mtoto jina lake. Mimi ni Mercy kwa sababu mama yako, Baba, alikuwa Mercy na alifariki kabla sijazaliwa, na ndiyo maana uliniita "mama" maisha yangu yote, hata siku ulizonikasirikia. Yule Ada alikuwa mtoto, amefiwa na mdogo wake, akasikia kuna mtoto mwingine mbali ambaye amebaki hai. Akampa kile alichokuwa nacho. Nyanya angefanya vivyo hivyo.

"Lakini yeye alikuwa na la kwake," Baraka akasema.

"Alikuwa nalo."

"Sawa," akasema. "Maadamu tunakubaliana kwamba alikuwa nalo."

Basi. Akaendelea kuendesha mpaka tukaona taa za London.

Sikumsukuma. Nilikuwa nimeshajifunza kwenu wawili kwamba likisukumwa linarudi nyuma. Aliendelea kwenda Walthamstow bila mimi, hilo nililijua kwa Bi Maureen, akimtengenezea bomba, akimbadilishia taa ziwe kali zaidi. Siku moja akaja kwangu kuchukua kitanda cha mtoto nilichokuwa nimemwekea. Alikuwa ameanza kukifungua vipande, bisibisi mkononi, akasema bila kuinua kichwa, kwa Kiswahili, Baba, Kiswahili chake kile cha kuokoteza:

"Mesi. Pale kwao makaburi ya jina hili ni mangapi? Machache tu. Sisi Kisauni tuna mstari mzima. Baba yuko hapa. Jina hili tumezika watu wengi nalo kuliko wao. Sasa ni la nani?"

Hakuwa akiuliza. Alirudi kwenye skrubu zake, nami nikaingia jikoni nikachemsha maji ya chai na kulia kidogo, kwa furaha, na kwa sababu wewe ndiye uliyepaswa kuyasikia.

Mtoto ni msichana. Ana paji lako la uso, pana, lenye kukunjamana kama anasoma bahasha yenye anwani mbaya. Tulimfanyia sherehe ya jina kwa desturi ya kina Folake, kwenye ukumbi ule wa karibu na ziwa hapa Thamesmead. Mashangazi wa Folake walimpokea Bi Maureen mlangoni, wakamtazama na kofia yake ya sufu, wakaivua, wakamfunga kilemba kikubwa cha rangi ya dhahabu. Kilimshukia kwenye nyusi mchana kutwa. Alikataa kukivua. Alikaa katikati yao akila wali wa pilipili na kufuta pua, na kila aliyemuuliza yeye ni nani wa mtoto alijibu, "Ni Otterlode wa zamani."

Walimgusisha mtoto asali mdomoni, na chumvi, na maji. Mjomba akamwita Baraka. Nilikuwa nimekaa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Baraka akaeleza kwa Kiingereza, bila karatasi. Mfereji, na fisimaji, na wachimba mitaro, ukumbi ukacheka vizuri. Ada na mdogo wake, ukumbi ukatulia. Mtoto wa Nyasa aliyetolewa melini. Kisha akasema kuna jina moja katika ukoo huu ambalo mwenyewe aliamua kulihifadhi, na kwamba hatalifunika kwa kelele, na akaomba tunyamaze kidogo kwa ajili yake. Tukanyamaza. Mjomba aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Hata watoto walinyamaza.

Halafu akamwinua binti yake akasema kwa Kiswahili, pole pole, akijua hawatamwelewa, "Huyu ni Salome Otterlode. Mjukuu wa Mzee Otalodi wa posta."

Mama angepiga vigelegele kusikia mjukuu ameitwa jina lake. Nilimpigia mimi.

Sasa mambo mengine mafupi. Macho yangu yako salama, ni matone tu, asubuhi na jioni. Kochi lako liko kwa Baraka. Miadi ya kliniki ya Bi Maureen na yangu tumeiomba iwe siku moja, na nesi sasa hutuita "kina Otterlode" kwa pamoja, bila kusita. Bi Maureen anaona kivuli tu siku hizi. Juzi, nikimvusha barabara, aliniambia kwamba hofu yake kubwa haikuwa kupofuka. Ilikuwa kuzikwa na watu wa manispaa, bila mtu nyuma ya jeneza. Alisema hivyo kama anasema habari ya basi kuchelewa.

Nilimwahidi pale pale, na nakuahidi wewe ili niwe na shahidi. Siku yake ikifika, atazikwa na watu wake. Baraka atabeba mbele. Kina Folake watakuja na vilemba vyao. Mimi nitasimama nilisome jina lake lote kwa sauti, wala sitasita.

Lala salama, Baba. Pumzika na bahasha zako, hakuna tena wa kutafutwa. Ningeandika zaidi, lakini niko kwa Baraka leo, Folake amelala, na Otterlode mdogo kuliko wote ameamka chumba cha pili. Ana njaa, na anataka mtaa mzima ujue. Nakwenda kumbeba.

Mwanao,
Mesi